Kabichi za Dada Mal-sun

Tak Mal-sun amekuwa dobi hapa soko la Jukdo, mjini Pohang, miaka ishirini na sita, na saluni yangu imepakana na duka lake ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa, kwa hiyo haya sikuyasikia kwa watu. Niliyaona. Pasi yake naijua kwa sauti tu. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono minene na mdomo mkali, aliyewahi kumfukuza mkusanya ushuru mpaka kwenye mabanda ya samaki akiwa na hanga la nguo la chuma mkononi. Mtu wa namna hiyo sikudhani nitamwona anaogopa. Mwaka wa betri niliona.

Mwaka ule Pohang nzima ilinunua hisa za betri. Mumewe, Ok Chan-gyu, alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na minne mbele ya tanuru la chuma, akamkabidhi mkewe kiinua mgongo chote, won milioni mia moja na ishirini, kama wafanyavyo wanaume wa huku. Akamwambia akiweke benki mpaka matufaa yavunwe, maana kuna mzee kule Cheongsong aliyekubali kuwauzia shamba lake la matufaa mwezi wa kumi na moja. Hakuuliza tena habari za hela. Dada Mal-sun mwezi wa nne akazitia zote kwenye Haesong, kampuni ya betri, bila kumwambia.

Mwezi wa saba bei ilipanda mpaka akawa anaimba akipiga pasi. Mwezi wa nane ikaanza kushuka. Kwetu bei ikipanda simu huiandika kwa rangi nyekundu, ikishuka bluu, na simu ya Dada ikawa bluu asubuhi na jioni. Akaacha kula. Kola ya shati la diwani ikaungua, naye akabaki ameitazama tu.

"Kuna watu wanaangusha bei makusudi," aliniambia. "Wanauza hisa za kuazima."

"Mtu anauzaje kitu si chake?"

"We Mama Ha-rin, dawa ya nywele imekuingia kichwani. Sikiliza. Mimi nina kabichi mia za kuchachusha kimchi. Wewe unakuja, unaniazima zote. Unaenda sokoni unaziuza elfu tano kila moja. Wiki ijayo kabichi zinashuka, zinakuwa elfu tatu. Unanunua mia, unanirudishia mia zangu. Elfu mbili kwa kila kabichi umekula wewe."

"Mbona rahisi hivyo? Nianze leo?"

"Na zikipanda elfu kumi? Deni lako ni kabichi, si hela. Mia utanirudishia hata kwa kuuza saluni. Ndiyo maana ukishaziuza, kutwa unaomba dua zishuke. Na mkiwa wengi mnaouza kwa pamoja, zinashuka kweli."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Soko la hisa hutangaza idadi ya zilizoazimwa na kuuzwa ambazo bado hazijarudishwa, ingawa huchelewa siku mbili. Dada aliisoma kila siku kabla hata hajafungua mlango wa duka. Mwezi wa nane, katika kila hisa mia za Haesong, mbili zilikuwa za kuazimwa. Mwezi wa tisa tano. Mwezi wa kumi zikafika tisa. Nilikuwa najua namba imeongezeka kabla hajasema, kwa jinsi alivyoshika ukingo wa meza.

Lakini humohumo kwenye namba alijipa tumaini. Alisema hao wote siku moja lazima wanunue ili warudishe, na wakikurupuka pamoja kuwania hisa chache, bei itaruka. Kinachotakiwa ni watu waache kuwaazimisha. Basi akafungua kundi kwenye simu, wanawake sabini wa soko letu wenye Haesong, mimi nikiwemo, akatuhimiza tuwakataze madalali kuazimisha hisa zetu. Aliandika kwa herufi kubwa kwamba anayewaazimisha ni msaliti, tena akijulikana asilete nguo zake kwa Mal-sun. Sote tukaweka alama za ngumi.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja mumewe aliingia dukani anacheka, nami nilikuwepo. "Mama Se-yeong!" akamwita mkewe. " Mzee wa shamba anahamia Seoul kwa mwanawe. Anataka hela yake Ijumaa. Umeona bahati?"

"Ijumaa hii?"

"Hii hii. Kwani benki si wanatoa siku hiyo hiyo?"

"Wanatoa," alisema Dada. Mumewe alipotoka, alikaa chini kati ya nguo za watu. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi kama samaki wa barafuni. Bei ya Haesong siku ile ilikuwa elfu thelathini na nne. Alinunua kwa elfu tisini na mbili.

Nikamwambia amweleze mumewe. Akasema hapana, kwanza atawatafuta wasaliti. Hisa ukiuza Jumatano hela huingia Ijumaa, kwa hiyo siku mbili zilikuwa zimebaki, na alitaka kuamini kwamba siku mbili zinatosha kuwabana watu. Jumatano asubuhi tukaenda kwa madalali wake. Nilimfuata kwa sababu nilimwogopea.

"Nataka majina," alimwambia binti wa kaunta. "Wateja wenu wanaoazimisha Haesong. Wote."

"Ya wateja wengine siwezi kukupa, mama. Labda nikuonyeshe ya kwako."

"Ya kwangu ipi?"

Binti aligeuza kioo cha kompyuta. "Ulitoa idhini mwezi wa sita. Hisa zako elfu moja na mia tatu zote ziko kwa walioazima. Ada yako tunaingiza kila mwezi, kama elfu tisini hivi."

"Hilo ni gawio!"

"Hapana, mama. Ni ada ya kuazimisha. Siku ile ulipata na vocha ya kahawa."

Dada alinitazama. Ile kahawa tulikunywa wote, nusu kwa nusu. Lile "gawio" la kila mwezi lilitununulia keki za samaki za moto, nami nilikula nikamsifu kwa ukarimu. Tangu mwezi wa nane aliwalaani watu waliomwangusha, na kabichi walizouza zilikuwa zake.

"Futa," alisema. Binti akafuta. Dada akatazama saa ya ukutani, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Halafu uza zote."

Siwezi kuthibitisha ninachowaza. Ila aliyeziazima ilimbidi anunue mahali ili arudishe, na asubuhi ile, bei ikiwa chini kuliko siku zote za mwaka, waliokuwa wanauza ni watu kama sisi. Huenda alinunua zilezile za Dada kwa bei ya kutupa, na hasira hainiishi mpaka leo. Zilipatikana milioni arobaini na nne.

Aliniomba niingie naye nyumbani. Mumewe alikuwa ameketi sakafuni, amechora shamba kwenye karatasi, na mkasi mpya wa kupogolea uko kando bado na lebo. Dada alipiga magoti akasema yote, kuanzia mwezi wa nne mpaka kwenye kahawa. Nilisubiri kelele.

"Zimebaki milioni arobaini na nne tu?" mumewe aliuliza.

"Hizo tu."

Mumewe akampigia mzee wa Cheongsong, akamwomba radhi huku akiinama mbele ya simu. Kisha akapiga namba nyingine. "Msimamizi, ni mimi Chan-gyu. Ile kazi ya kulinda lango la maghorofa, bado ipo? ... Goti? Goti limepona." Halijapona, kila mtu sokoni anajua. "Jumatatu. Nitakuja."

Hapo ndipo Dada Mal-sun alipolia. Mumewe aliandika saa za zamu nyuma ya mchoro wa shamba, kisha akanigeukia akaniuliza kama Jumapili nitakuwa na nafasi ya kumnyoa, maana walinzi hawaruhusiwi nywele ndefu.