Jicho Moja la Baba na Jua Lililopatwa

Mimi ni mjuaji, sikatai. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Bariadi mjini, na wateja wakikatika nazama mtandaoni kutazama mambo ya anga. Wenzangu wanatazama mishono ya vitenge, mimi natazama Zohali na pete zake. Kuna tovuti moja ya wapenda nyota, unaandika jina la mji wako, inakwambia leo sayari gani inaonekana na upande gani. Bariadi haikuwamo, basi nilikuwa naandika Mwanza na maisha yanaendelea.

Humo ndimo nilimosoma kwamba Jumapili asubuhi jua litapatwa. Loo, nilivyofurahi! Siku hiyohiyo nikampigia baba kijijini, mbele kidogo ya Dutwa. Baba alikuwa na jicho moja. La kushoto lilichomwa na mwiba wa mgunga zamani, akiwa porini. La kulia lilikuwa zima, na kwa hilo alilima pamba, akasoma Biblia, akatuonya sote kwa kututazama tu.

"Sasa mayu," akaniuliza, kwa jina la Kisukuma analonibembelezea, "jua linatazamwaje?"

Nikajibu bila hata kumeza mate. "Chukua ile picha ya eksirei ya mguu wako, baba. Weka jichoni, tazama."

Nilikuwa nimesoma hivyo kwenye maoni ya mtu fulani chini ya video. Na kwetu picha ya hospitali haitupwi hata mguu ukipona. Ya baba ilikaa chini ya godoro miaka nenda rudi. Akacheka kwa furaha, akasema atawaita na majirani.

Jumamosi jioni, kabla ya kufunga duka, nikaifungua tena ile tovuti kuhakikisha saa. Chini kabisa, mahali ambapo sikuwahi kufika kwa uvivu wa kusoma Kiingereza kirefu, palikuwa na onyo. Usitumie miwani ya kawaida ya jua. Usitumie kioo chenye masizi. Usitumie picha ya eksirei: inapunguza mwanga tu, lakini miale mingine inapita na kuliunguza jicho ndani kwa ndani, wala husikii maumivu. Nilisoma mara tatu.

Nikampigia baba, hapatikani. Nikampigia kaka yangu anayekaa naye, hapatikani. Kumbe Jumamosi simu zao zinalala kwa mtu wa kuchaji pale senta. Nilikaa kitandani nimevaa viatu, nikijitukana. Ujuaji mwingi mbele giza, wahenga walisema, na mimi giza nilikuwa nampelekea baba yangu mzazi.

Alfajiri nikamgongea jirani yangu mwenye bodaboda. Tulikwenda kasi, na nikazidi kumpigia kelele aongeze. Tulipoingia tu njia ya vumbi, tairi ikapata pancha. Mungu wangu! Nilimgombeza mtu wa watu utadhani yeye ndiye aliyetoa ushauri ule. Jua lilikuwa limeshapanda. Nikavua viatu, nikashika mkononi, nikakimbia. Njiani nikaona mwanga unafifia, kama wingu limepita, na wingu halikuwepo.

Nilifika natweta. Baba alikuwa uani juu ya kigoda chake, picha jichoni, uso ameuinua juu. Majirani walijipanga nyuma yake wakisubiri zamu.

"Limeliwa kama chapati!" alikuwa anawasimulia. "Binti yangu wa Bariadi ndiye aliyenifundisha."

Nikampokonya. Binti kumpokonya baba kitu mkononi, mbele za watu! Wamama waliguna. Baba akasimama kwa hasira.

"Umelewa?"

"Baba, inaunguza jicho!"

"Si wewe uliyesema?"

"Nilikosea, baba. Nilikosea. Umetazama muda gani?"

"Tangu lianze," akasema. "Hawa bado hawajagusa. Nilitaka kushiba kwanza."

Majirani wakatawanyika mmoja mmoja. Mimi nikabaki nimeshika ule mfupa wa mguu wa baba kwenye plastiki, nalia kama mtoto.

Siku ile nzima hakulalamika. Kila nilipomkaribia alinifukuza. "Naona vizuri. Acha kunizunguka kama nzi." Usiku nilisali sala zote ninazozijua.

Jumatatu asubuhi nikamsalimu, "Mwangaluka, baba," akaitika vizuri tu. Akasogeza kigoda karibu na lango la zizi, akamketisha mama upande mmoja na mimi upande wa pili. "Nawatajia ng'ombe wanavyotoka," akaniambia, "ili unyamaze urudi dukani kwako." Kaka akafungua. Huyo mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. Huyo mweusi mwenye baka. Huyo mweupe. Akawataja wote mpaka wa mwisho, hakukosea hata mmoja. Nilipiga vigelegele, nikamkumbatia, nikamfuata mama jikoni nikirukaruka.

Mama hakuacha kukoroga uji. "Mwanangu," akasema taratibu, "ng'ombe hao wanatoka kwa mpangilio uleule kila siku. Hata mimi nikiwa humu ndani nakutajia."

Nilichukia hata kumsikia.

Jumanne niliingia zizini kabla baba hajatoka nje. Nikamwomba kaka amzuie yule wa tatu kwa kamba. Mama akaketi pembeni ya baba. Akatoka wa kwanza, baba akamtaja. Akatoka wa pili, akamtaja. Kisha nikatoka mimi, polepole, nikasimama langoni hatua chache mbele yake, nimemkazia macho.

Baba akanielekezea uso, akatabasamu.

"Na huyo mweupe," akamwambia mama, "ndiye wa mahari ya binti yetu. Mwite basi aje, aone kwamba naona."