Sindano Aliyoingoja Mbithi

Kamanthe alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, upande wa mteremko wa kahawa nje ya Kangundo. Alizunguka nyumba kwa nyumba na mashine ya presha kwenye mkoba, na watu walimwamini. Akisema mtoto apelekwe dispensari, alipelekwa siku hiyo hiyo.

Ndiye aliyempeleka Winfred kwa Mbithi, mmoja wa wagonjwa wake. Winfred alikuwa msichana mtafiti wa chuo kimoja Nairobi, akitafuta watu wenye mguu kama wake: umevimba, umetoboka hapa na pale, unatoa usaha wenye punje nyeusi. Mbithi alichomwa na mwiba miaka sita nyuma, akichunga ng'ombe wa watu kule Yatta. Mwiba ulitolewa, kuvu iliyoingia nao ikabaki ndani. Alimeza vidonge mwaka mzima, na mguu ukazidi kunenepa.

Winfred alieleza taratibu. Angetoa kipande kidogo cha nyama, kuvu iliyomo ichunguzwe hadi chembe zake za urithi, kisha kompyuta ichague sehemu zake ambazo mwili wa mtu unaweza kuzitambua kama adui. Sehemu hizo zingeunganishwa ziwe mwanzo wa chanjo ya kuwakinga ambao bado hawajaugua. Mbithi alimgeukia Kamanthe amwelezee kwa Kikamba.

Kamanthe akatafsiri. Alipofika kwenye chanjo alisema sindano. Akaona uso wa Mbithi umefunguka, jambo ambalo hakuwa ameliona tangu mvua za mwaka uliotangulia, na akaongeza maneno yake mwenyewe: sindano ya kukuponya. Winfred, aliyekulia mjini Mlolongo na ambaye Kikamba chake kilikuwa cha kusalimia tu, alitabasamu akafungua kisanduku chake cha barafu.

Miezi michache baadaye madaktari mjini Machakos walimwambia Mbithi mguu ukatwe chini ya goti, kabla kuvu haijapanda. Akakataa.

"Niko na sindano yangu inatengenezwa," aliwaambia.

Nduku, mkewe, alimfuata Kamanthe shambani. "Wewe umesoma hayo mambo. Hiyo sindano iko karibu?"

"Hawa watu wanafanya kazi, mama. Ngojeni kidogo."

Alisema hivyo kwa sababu hakujua, na kwa sababu aliogopa kujua. Kila wiki alifunga kidonda upya na kila wiki harufu ilimpokea mlangoni. Nduku alikuwa amehamia kulala jikoni. Wakati wa uji wa asubuhi Mbithi aliuliza jambo lile lile, na Kamanthe alijibu lile lile, mpaka mwezi wa nane ukapita.

Ndipo Winfred alipopiga simu, sauti yake ikiwa na furaha. Kazi ilikuwa imekamilika na ilikuwa imechapishwa.

"Kwa kompyuta imefaulu kabisa," alisema. "Mwambie Mbithi asante."

"Sindano inakuja lini?"

"Mama, hakuna sindano. Ni mchoro tu kwenye kompyuta. Haijajaribiwa hata kwa panya, na hakuna mtu amekubali kulipia hiyo hatua. Hata ikitengenezwa, ni ya kumkinga mtu ambaye hajashikwa. Nilisema siku ile."

"Ulisema," Kamanthe alijibu.

Aliketi kwenye ukingo wa tuta la kahawa, simu mkononi. Kisha alienda kwa Mbithi, maana hapakuwa na mwingine wa kwenda.

Mbithi alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo msichana alisema itaniponya?"

"Hapana. Nilisema mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikuonea huruma."

Nduku alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Mbithi aliutazama mguu wake, halafu akasema atafutiwe gari la kwenda hospitali.

Hospitalini walikuta kuvu imeshaingia kwenye mfupa na kupita goti. Wakakata kwenye paja. Daktari aliongea na Nduku kwa upole: wangekuja mapema, goti lingebaki, na mtu mwenye goti hutembea vizuri zaidi na mguu wa bandia.

Kamanthe alikwenda dispensari kurudisha mkoba wake. Nesi msimamizi aliusukuma tena upande wake. Wahudumu walikuwa wachache, alisema, na kosa lile halikuwa la kufukuziwa mtu. Nduku ndiye aliyekuja wiki iliyofuata na ombi lake fupi: nyumba yao ipewe mhudumu mwingine. Ikapewa, na jina la Mbithi likaondoka kwenye orodha ya wagonjwa iliyokuwa katika simu ya Kamanthe.

Bado hupita barabara ile ya mbele ya nyumba yao, kwa kuwa hakuna nyingine ya kwenda kwa wagonjwa wake wa bondeni. Juzi alimkuta Mbithi kwenye kizingiti, suruali imekunjwa na kufungwa kwa kamba, ungo wa maharagwe mapajani.

"Habari ya asubuhi, Mbithi."

Mbithi aliinua macho, akamtazama, kisha akaendelea kuchambua.