Mama wa Kaisari na Ukuta wa Mbao

Mimi shule niliiona kwa nje tu, lakini ukoo mmoja wa Roma ninaujua kuliko maprofesa wote wa Durban, maana nililetewa habari zake hapa hapa kwenye kiti cha kusukia, mtaa wa Overport.

Mume wangu alipokufa, aliachia vijana wetu wawili salon moja. Neno lake la mwisho: "Mupatane." Udongo wa kaburi haujakauka, wakapiga ukuta wa mbao katikati. Mukubwa ananyoa huku, mudogo anatengeneza simu kule. Kiti changu kikabaki pale ukuta unapoishia: mteja kichwa kwa mukubwa, miguu kwa mudogo. Salamu hakuna. Hata inzi kabla ya kuvuka aliombwa viza.

Siku moja ninamsuka binti Mtanzania, mwanafunzi. Akaangalia ukuta, akacheka.

"Mama, hii ni Roma kabisa!"

"Roma ya Kaisari wa Biblia?"

"Ukoo mwingine, ulikuja baadaye. Baba alizaliwa Afrika, upande wa Libya. Akafa, akaachia utawala watoto wawili, akawaambia wapatane. Wakagawana jumba, wakaziba milango. Mama yao akawaita awapatanishe. Mkubwa akaleta askari, mdogo akauawa mikononi mwa mama."

Nilisikia baridi mpaka kwenye kucha. Nikapaza sauti pande zote zisikie, nikasimulia upya. Nikaongeza askari wakafika elfu mia, na tembo juu. Wateja walicheka mpaka kioo kikatikisika. Nikamsikia na mudogo anacheka kule, mara ya kwanza tangu mazishi. Moyo ukaruka.

Halafu mudogo akasema, "Mama, kesho naenda Cape Town, sirudi. Sitangoja tembo."

"Mwanangu, tafazali—"

Mukubwa hakuzima hata mashine. "Aende. Na wewe mama, usilie hapa mbele ya wateja."

Mikono yangu ikasimama. Nikamwangalia yule binti kwenye kioo. "Na yule mama wa Roma, alifanyaka nini?"

Akajibu polepole, "Walimkataza kulia, mama. Alilazimishwa acheke."

Basi nikacheka. Eish, nilicheka wakanisikia mpaka mtaa wa pili, Sydenham, na wateja wakacheka pamoja na mimi. Vidole viliendelea kusuka. Mistari ikaenda upande kama njia ya mlevi, na yule binti hakulalamika.