Wageni wa Angani na Jina la Mama Yangu

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na saba aliponieleza kwamba mashujaa wa zamani wa kila nchi wamezaliwa upya, na kwamba wanapigana na wageni. Nilikuwa nimekaa barazani nikipukuchua mahindi. Yeye alikuwa ameegemea nguzo, simu mkononi, akitazama katuni ya Kijapani.

"Wageni gani?" nikamuuliza.

"Wa kutoka angani, Baba. Wanashuka na vyombo vyao, wanachoma miji."

"Kama ni wageni, si wachinjiwe ingokho wakae chini?"

"Hawa hawali kuku. Wanakula watu."

"Basi waite maadui. Mgeni ni mtu wa heshima."

Alicheka, lakini hakulibadilisha neno. Kwake walibaki wageni, na mimi pia nikazoea.

Mama yake alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya hapo. Nilikuwa nimestaafu ukarani wa mizani ya miwa huku Kabras, na nyumba ilikuwa ya watu wawili wasiojua waambiane nini. Hiyo katuni ndiyo iliyotupa la kusema. Kila jioni kabla ya kupika, aliiweka simu juu ya gunia la mahindi, akanisomea maandishi ya chini kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipomwishia akaingiza lugha yetu. Kulikuwa na jemadari aliyekatwa kichwa katika maisha yake ya kwanza. Sasa alikuwa anauza tambi kando ya barabara. Kulikuwa na nesi wa vita vya zamani aliyezaliwa tena akiwa mwogeleaji. Kulikuwa pia na mtaalamu wa nyota, mzee wa ndevu, aliyerudi akiwa msichana wa darasa la sita, na huyo ndiye niliyempenda, kwa sababu alikuwa anawagombeza wakubwa.

Nilijifanya ninatazama tu kwa kuwa sina kazi. Lakini siku moja niliuliza swali lililokuwa likinisumbua.

"Huyu muuza tambi, nani alimwambia kwamba yeye ni yule jemadari?"

"Akiushika upanga wake wa zamani, unawaka."

"Na kama upanga ulipotea?"

Basi nikamweleza mambo ya kwetu. Mtoto anazaliwa, analia, anakataa titi. Wakubwa wanakaa naye na kutaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Likitajwa la yule aliyekuja naye, mtoto ananyamaza na kunyonya.

"Mimi nililia siku ngapi?"

"Mbili. Shangazi yako alitaja majina mpaka koo likakauka. Alipofika kwa bibi yake babu yangu, ukanyamaza, ukanyonya kama mtu aliyetoka kulima."

Alichukua kalamu akaandika kitu kwenye kiganja chake. Halafu akaniuliza kwa nini hakuna mtoto hata mmoja kwetu mwenye jina la mama yangu.

Nilikuwa kidato cha tatu mama yangu alipopigwa na radi akipalilia maharagwe. Nilirudi kutoka shule nikaonyeshwa jembe lake. Mpini ulikuwa umepasuka katikati na kuwa mweusi, kama uliwekwa motoni upande mmoja tu. Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa, wakasema kwamba mtu aliyechukuliwa na anga, jina lake lisiitwe juu ya mtoto, anga lisije likalifuata. Nilitii. Nilitii kuliko nilivyoambiwa, maana wao walikataza kumpa mtoto jina hilo, na mimi niliacha kulitamka kabisa. Nilipomweleza binti yangu siku ile, nilisema tu "kukhu yako", yaani nyanya yako, bila jina.

"Kwa hivyo hajarudi," akasema.

"Hajarudi."

Baada ya hapo alianza kuchora. Alichora kwenye madaftari ya shule, yale yenye jedwali la hesabu nyuma, kwa kalamu ya buluu, na damu kwa nyekundu. Hakunionyesha na mimi sikuomba. Lakini alipokuwa shuleni au kwa shangazi yake nilikuwa nikiingia chumbani kwake, nachukua daftari chini ya godoro, nasoma nimesimama, kisha nalirudisha na kalamu ikiwa kwenye ukurasa uleule.

Alikuwa amemrudisha mama yangu. Alikuwa msichana mkata miwa wa Kabras, mwenye panga na buti za kiume, na jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya kichwa chake kwa herufi kubwa, jina nililokuwa sijaliona limeandikwa tangu lile la msalabani lifutike kwa mvua, na ambalo lazima alilipata kwa shangazi yake. Wageni walishuka juu ya msitu. Silaha yao ilikuwa radi. Na katika daftari la pili ikajulikana kwamba radi ile haikuwa inaua watu. Ilikuwa inawachukua. Wote waliopigwa tangu zamani walikuwa huko juu, hai, wamefungiwa, na mkata miwa alikuwa amerudi ili awafuate.

Niliposoma hapo nilifunga daftari nikatoka, nikaenda kusimama kwenye maharagwe. Sijui nilisimama kwa muda gani. Nilikuwa mzee wa miaka sitini na moja, na nilitazama juu.

Katika daftari la tatu kulikuwa na jambo ambalo najua lilitoka kwangu, ingawa alilipindua. Yule msichana alikuwa analia bila kujua sababu, analia akikata miwa, analia akila, na hakuwa na nguvu ya kutosha kupigana mpaka jina lake litajwe. Jirani alilitaja kwa mbali, halikushika. Mwalimu alilitaja kwenye kipaza sauti, halikushika. Ilibidi yule aliyelificha aje asimame mbele yake na kulisema mwenyewe. Akaja, mzee mmoja mwenye kofia kama yangu, akapanda juu ya trekta la miwa akalisema, na panga likawaka.

Nilisoma manane. La tisa alilimaliza siku ya Jumapili, nami nikalisubiri Jumanne, maana sikutaka kulisoma kwa haraka.

Jumatatu matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalitoka. Alikuwa amefanya vibaya. Nilienda sokoni, na mzee mmoja tuliyefanya kazi naye, ambaye mtoto wake alikuwa amepita vizuri, akaniambia mbele ya watu, "Wako si alikuwa anasomea Ujapani?" Wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Nilirudi nyumbani. Binti yangu alikuwa ameenda kwa shangazi yake. Nilitoa madaftari yote tisa chini ya godoro, nikayapeleka jikoni, nikayatia chini ya sufuria moja baada ya jingine, nikasonga obusuma kwa moto huo. Karatasi haikai, ilibidi niongeze kuni. Aliporudi nilimpakulia, akala. Alimaliza na kusema asante. Kisha alienda kuzoa majivu ili aoshe vyombo, akarudi na kitu kwenye kiganja.

"Baba, umepikia nini?"

"Kuni."

"Kuni za siku hizi zina pini?"

Zilikuwa zile pini zinazoshika daftari katikati, nyeusi, zimejikunja. Nikamwambia kwamba ameita jina la mtu aliyepigwa na radi, na kwamba wazee walikataza, na kwamba nimemwokoa. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye haki. Hakulia. Aliniuliza neno moja tu.

"Ulisoma?"

"Nililiona jina tu. Sina wakati wa kusoma upuuzi," nikasema.

Nimekuwa na miaka tisa ya kuyapima maneno hayo. Kuchoma kulikuwa hasira, na hasira ni ya siku moja. Lakini kumwambia mtoto kwamba kazi yake haikuwa imesomwa na mtu, wakati mimi nilikuwa ninaijua kuliko sala zangu, hilo nilifanya nikiwa na akili timamu, nikiwa nimeshiba. Na wazee niliwasingizia. Aibu ya sokoni ndiyo iliyochoma.

Mwezi haukuisha kabla hajaenda Nakuru kwa rafiki yake. Amekaa huko. Anachora kwenye kuta za maduka, na huwachorea watu matangazo. Krismasi hunipigia, tunaongea juu ya mvua, kisha anasema, "Nipe Shangazi."

Nilinunua simu kubwa na kumwomba fundi wa sokoni anionyeshe jinsi ya kuipata ile katuni. Nimeitazama peke yangu, simu juu ya gunia lilelile. Maandishi yanapita upesi kuliko macho yangu, kwa hiyo mengine nayakisia. Yule muuza tambi alikufa mara ya pili, akiwafunika watoto wa mtaa kwa mwili wake. Siku hiyo nilitaka sana kuwa na mtu wa kumwambia. Nilishika simu nikatafuta namba yake, nikaitazama mpaka kioo kikazima.

Juzi mchana, wingu likiwa limeshakaa juu ya msitu kama kawaida ya saa hizo, dada yangu aliingia uani bila kubisha.

"Tumepata mgeni," akasema.

"Kutoka wapi?"

"Nakuru. Msichana. Ana siku nne na analia tu. Daktari amempima, hakuna ugonjwa. Majina ya kwa baba yake yametajwa yakaisha, nami nimetaja ya kwetu niliyoyajua. Yaliyobaki ni yako."

"Mbona asinipigie mwenyewe?"

"Wewe unangojanga kupigiwa kama daktari wa wilaya. Shika hii."

Alikuwa ameshapiga. Nilisikia mtoto kabla sijasikia mama yake, kilio chembamba chenye hasira, kisicho na nafasi ya kupumua.

"Baba," binti yangu akasema. "Taja, ninamwekea simu sikioni."

Nikataja. Nilianza na upande wa babu, nikashuka kwa shangazi zake, nikaja kwa wale waliokufa wadogo. Dada yangu alikuwa anahesabu kwa vidole na kutikisa kichwa. Mtoto hakupunguza hata kidogo. Nilipofika mwisho nilinyamaza.

"Umeruka moja," binti yangu akasema.

"Unajua wazee walisema..."

"Wazee hao wako wapi, Baba?"

"Walikufa."

"Wangu yuko hapa analia."

Ngurumo ilipita mbali, upande wa msitu. Dada yangu aliinuka akaenda kuchomoa waya wa televisheni, na nadhani alifanya hivyo ili asinitazame. Nikalitaja. Lilitoka kama kitu cha mtu mwingine. Lina silabi tatu, na kwa zaidi ya miaka hamsini sikuwa nimezipitisha mdomoni.

Mtoto aliendelea kulia.

"Halijashika," binti yangu akasema, taratibu.

"Haliwezi kushika kwa mbali," nikasema. "Ni lazima yule aliyelificha asimame mbele yake. Kwani umesahau? Daftari la tatu, pale kwenye trekta la miwa."

Nilikuwa nimeshasema ndipo nikasikia nilichosema.

"Uliniambia hukusoma."

"Nilisoma manane. La tisa nilikuwa nimeliweka, nilitaka kulisoma polepole."

"Halafu ukachoma."

"Halafu nikachoma."

"Kwa sababu ya jina la kukhu."

"Hapana. Kwa sababu nilichekwa sokoni. Jina nilisingizia."

Nilimsikia akimhamisha mtoto bega.

"Mimi sikumbuki hata nusu," akasema mwishowe. "Nimejaribu kuichora tena. Inanikatalia daftari la tano."

"La tano wanavuka mto. Panga linaanguka majini, na yule mwalimu analirukia ilhali hajui kuogelea."

"Mwalimu," akasema. "Nilikuwa naweka jirani." Kisha, baada ya kumtuliza mtoto kidogo: "Njoo, basi. Umtajie ukiwa mbele yake, na uniambie yote unayokumbuka. Sisemi kwamba yameisha, Baba. Nasema tu uje."

"Nitakuja."

"Mpe Shangazi simu."

Tunaondoka kesho alfajiri. Tungeondoka jana, lakini mvua ilifunga barabara yetu, na dada yangu anasema mzazi haendewi mikono mitupu. Amewafunga kuku wawili miguu na wako jikoni wananung'unika. Mimi nimenunua daftari, lile lenye jedwali nyuma, na tangu juzi nimekuwa nikiandika hadithi ya mkata miwa, kuanzia daftari la kwanza. Sijui kuchora, basi naandika nani amesimama wapi na mkono gani umeshika panga. Nimefika daftari la saba. La nane nalikumbuka vizuri. La tisa sina, na yeye amesema hata yeye hana uhakika lilivyokwisha.

Asubuhi hii, mvua ilipokatika, nilishuka kwenye maharagwe na kulitaja jina la mama yangu kwa sauti. Mara ya kwanza lilikwama. Nililirudia mpaka likawa linatoka bila kutetemeka, maana mtoto yule ana siku sita na sitaki kusimama mbele yake nikiwa nalitafuta.