Tundu la Utosini

Mama Cheche aliamka na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Kwa miaka kumi na tisa amechomelea matangi ya maji ya duara kama mpira katika karakana ile ile, hadi cheche zikampa jina. Hakuna tangi lake lililowahi kuvuja. Leo mkurugenzi alikuwa na barua mezani ya kumwachisha kazi, eti ameharibu tangi.

Kosa lenyewe ni tundu moja. Mchoro wa injinia mpya ulisema: tundu A, thita 20, fai 160. Herufi mbili za Kigiriki na pembe zake za kuonyesha mahali pa kukata, basi, hakuna neno jingine. Mama Cheche, kama alivyofundishwa na fundi aliyemtangulia, huhesabu thita kutoka utosini mwa tangi kushuka, na fai kuzunguka kiuno. Akapima, akapima tena, akakata. Kumbe kwa injinia herufi zimebadilishana kazi: thita inazunguka, fai inashuka. Tundu la kutolea maji, lililotakiwa kuwa chini, likakaa karibu na utosi. Sijui mnunuzi angelipindua tangi kila akitaka kunawa?

Injinia alitangaza mbele ya mafundi wote kwamba mama huyu hajui kusoma mchoro. Hapo ndipo damu ilipomchemka. Alikwenda kabatini, akaitoa michoro ya injinia aliyestaafu, akaibwaga mezani kwa mkurugenzi. Katika yote, thita ilishuka kutoka juu. Injinia naye akaleta kitabu chake cha hisabati cha chuo. Humo thita ilizunguka, naye akaionyesha kwa kidole huku akitabasamu.

Mkurugenzi alipekua huku na huku, akakuna kichwa. Mwishowe akasema wote wawili wako sahihi, ni desturi mbili tu: watu wa fizikia wana yao, watu wa hisabati wana yao. Lakini tangi limeharibika, akaongeza kwa upole, na aliyelikata ni mmoja.

“Bosi,” Mama Cheche alisema, “kama sote tuko sahihi, mbona barua ni moja?”

Tabasamu la injinia likayeyuka. Mkurugenzi aliichukua barua. Hakuichana, aliifungia kwenye droo. Mama Cheche aliliona hilo, akatoka bila kusema asante, akaenda kuliziba tundu, maana tangi halikuwa na kosa.