Kamera Isiyovuta

Ubaid wa Bondeni aliacha shule form two, na tangu hapo hajawahi kutulia mahali. Lakini kupiga picha alitaka kweli, na picha ya kwanza alitaka iwe ya nyanya yake Mastura, ambaye wiki ijayo anahamia mbali, Mombasa, kwa binti yake. Shida ni kwamba nyanya hapendi kupigwa picha. Ndio maana siku ya kununua kamera ya mtumba, Ubaid alimbembeleza amsindikize, apate nafasi ya kumpiga picha hukohuko.

"Chukua hii, boss," akasema Kihara, mwenye duka. "Inavuta picha karibu, hadi ya mtu ako ng'ambo ya barabara." Bei ilikuwa sawa na ya kamera nyingine iliyokuwa kando yake, kuukuu na isiyovuta.

Ubaid akatoka nayo nje, akamvuta kwa lenzi kutoka mbali nyanya aliyekuwa ameketi kitini mlangoni, bila kumwambia. Kuangalia kioo cha kamera, nyanya ashafunika uso na leso.

"Sasa unaniwinda kama swara," nyanya akasema.

Ubaid akaona haya. Akarudi, akajaribu ile kuukuu. Hiyo ilimlazimu asogee, akasogea mpaka akachuchumaa mbele ya kiti cha nyanya.

"Nyanya, nipe moja tu nibaki nayo."

Nyanya akamtazama sana. "Uso niachie. Mikono unaweza chukua." Akaiweka mapajani, bado nyekundu na hina ya Idd.

Ubaid akapiga, akamwambia Kihara, "Nifungie hii."

"Ngoja asifunge," nyanya akasema, mikono bado iko palepale. "Piga tena. Hiki kidole kilikuwa kimejikunja."