Mpima Udongo na Mchicha wa Shangazi Yake

Nyie hamchoki kunisumbua! Haya. Yule binti mpima udongo huuosha udongo uleule kwa asidi dhaifu, kisha kali, kisha kali zaidi, na maji ya kila mwosho huyapima peke yake, akiimba chinichini kama anayebembeleza mtoto. Shangazi yake, mwenye bustani ya mchicha ubavuni mwa gereji ya betri, uvumilivu ukamwisha.

"We mwana, unafua udongo? Ning'oe mboga au nising'oe?"

"Using'oe, shangazi. Risasi, ile metali yenye sumu ya betri, imo udongoni, ila imeachia kwa asidi kali ya mwisho tu. Imeng'ang'ania udongo kama wewe na maneno yako. Haipandi kwenye mchicha."

Na binti huyo, anayesuuza hata kijiko kisafi, siku hiyo aliomba mchicha sahani ya pili. Wewe unayesoma, njoo na jembe umpalilie shangazi. Mgongo wake umegoma.